Ramani Moja, Watu Wawili: Mnaweza Kupotea Bila Kugombana?

Dira, ramani na vibendera kumi kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa. Ni mchezo wa Jumamosi asubuhi, gharama yake ndogo, na utawaambia mambo ya uhusiano wenu ambayo hamjawahi kuambiana mkiwa mezani.

Jumamosi ya mji mdogo tunaijua wote. Umepangiwa kazi Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, labda halmashauri, benki, shuleni au hospitalini. Wiki nzima ni kukimbizana na kazi. Jumamosi ikifika, baba yuko kibanda umiza anaangalia ligi ya Uingereza, mama yuko kwenye kikoba au saluni. Jioni mnakutana kwenye nyama choma, kila mmoja na simu yake mkononi, mnacheka na watu walioko Dar. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Lakini hebu jiulize, mpenzi msomaji: mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kufanya jambo moja, pamoja, jambo ambalo hakuna kati yenu anayelijua vizuri, ilikuwa lini?

Mwezi huu hatukuletei hoteli mpya wala mishono ya send-off. Tunakuletea mchezo wa kupotea. Ndiyo, umesoma vizuri. Kupotea, kujitafuta, kujipata, na mkirudi nyumbani bado mnaongea!

Mchezo gani huo?

Wazungu wanauita orientiringi. Kwa Kiswahili cha kawaida ni mbio za kusaka vituo kwa ramani na dira. Mnapewa ramani ya eneo. Juu yake kuna pembetatu, hapo ndipo mnapoanzia. Kuna maduara yenye namba, hivyo ni vituo. Na kuna duara ndani ya duara, hapo ndipo mwisho. Huko porini, kila kituo kina kibendera cha pande tatu, nyeupe na rangi ya machungwa, sentimita 30 kwa 30 kila upande. Mkikipata mnaweka alama kwenye kadi yenu, mnaelekea kinachofuata. Njia ya kupita mnachagua wenyewe, hakuna mshale wala mtu wa kuwaonyesha. Anayepitia vituo vyote kwa mpangilio kwa muda mfupi kuliko wengine ndiye mshindi.

Kuna na aina ya pili, ya pointi. Mnapewa muda, tuseme saa moja. Kituo cha karibu kina pointi chache, cha mbali kina nyingi, na mkichelewa kurudi mnakatwa. Hii ndiyo tamu kwa wapenzi, maana kabla hamjapiga hata hatua moja lazima mkubaliane: twende wapi, na tuache nini? Ni bajeti ya nyumba kabisa, ila hapa mnatumia dakika badala ya shilingi.

Mchezo wenyewe una umri. Neno hilo lilianza kutumika Sweden mwaka 1886, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi cha Karlberg, likiwa na maana ya kuvuka nchi usiyoijua kwa msaada wa ramani na dira. Mashindano ya kwanza ya wazi kwa raia yalifanyika Norway tarehe 31 Oktoba 1897. Mwaka 1919 Ernst Killander, ofisa wa jeshi na kiongozi wa skauti, aliandaa mashindano karibu na Stockholm, wakajitokeza zaidi ya watu 200. Tangu hapo hakuna aliyerudi nyuma. Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1961 na nchi 10, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Finland mwaka 1966. Sweden wana tamasha linaloitwa O-Ringen, lililoanza mwaka 1965, ambako maelfu ya watu wanashiriki kwa siku kadhaa. Kuna mbio za watoto, kuna za vijana, kuna za wazee waliopita miaka 80. Familia nzima inabeba hema na kwenda kupotea pamoja.

Huku kwetu, wengi tuligusa kamchezo haka kupitia skauti, au kwenye jiografia ya sekondari, ile ramani ya 1:50,000 tuliyokariri kwa ajili ya mtihani halafu tukaisahau siku ya pili yake. Na kwa jirani zetu Kenya kuna ndugu yake mkubwa anayekunywa petroli: Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989. Pale wanatumia magari ya kuhimili porini. Wana vituo 13 vya kufikia ndani ya saa 10, na anayeshinda si mwenye mwendo mkali, ni aliyefikia vituo vyote kwa kupita umbali mfupi zaidi. Mahali pa mashindano panafanywa siri mpaka dakika za mwisho. Fedha zilizochangwa zilisaidia kujenga uzio wa kuzunguka msitu wa milima ya Aberdare, takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Kwa hiyo usidharau. Watu kusaka vituo porini kumelinda msitu mzima. Na wewe huhitaji Land Cruiser, raba tu zinatosha.

Mkipotea, nani anaongea?

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa nini mchezo huu uwe kwenye gazeti la mahusiano?

Kwa sababu mtapotea. Hilo halina mjadala. Hata mabingwa wa dunia wanapotea, tofauti yao na wengine ni muda wanaotumia kugundua. Na dakika ile mnapogundua kwamba kibendera hakipo mahali mlipotarajia, kila mtu anatoa rangi yake halisi.

Kuna yule anayejua. Yeye hana haja ya kutazama ramani tena. "Ni hapo mbele tu," anasema, anazidi kutembea, na kila hatua inawapeleka mbali zaidi. Kuna yule anayenyamaza. Aliona tangu mwanzo kwamba mmepita njia panda, lakini hakusema, kwa sababu mara ya mwisho aliposema jambo aliambiwa anajifanya mjuaji. Na kuna wa tatu, yule wa lawama: "Si nilikwambia?" Huyo hasaidii kutafuta njia, anatafuta mshtakiwa. Ukiwa mkweli, unamjua mmoja wao vizuri sana. Labda unamwona kila asubuhi kwenye kioo!

Wachezaji wa siku nyingi wana utaratibu mmoja kwa hali hii, na ni mwepisi. Simameni. Geuzeni ramani mpaka kaskazini yake ifuate kaskazini ya dira. Semeni kwa sauti: "Hatujui tulipo." Kisha ulizaneni: mahali pa mwisho tulipokuwa na uhakika ni wapi? Mkipajua, rudini hapo. Msiendelee kubahatisha.

Ni maneno machache, lakini angalia ni ndoa ngapi zinakwama hapo hapo. Mkopo umechukuliwa kimya kimya, marejesho yanakula mshahara, na baba anasema "ni hapo mbele tu, mambo yatakaa sawa." Mama anajua, ananyamaza. Mwisho wa mwaka yote yanalipuka kwa "si nilikwambia." Wangesimama mapema, wakasema hatujui tulipo, wakarudi mahali pa mwisho walipokuwa wanaelewana, safari ingekuwa fupi zaidi. Hesabu ya dira inalithibitisha hilo: ukikosea uelekeo kwa nyuzi 10 tu, baada ya mita 500 umeshatoka pembeni karibu mita 90. Kosa ni lile lile, umbali ndio umelikuza.

Na suala la nani ashike ramani? Mara nyingi mwanaume anaidaka kabla haijafika mezani. Bwana ni kichwa cha nyumba, sawa, lakini sindano ya dira haimjui bwana wala bibi. Gawaneni kazi: mmoja asome ramani, mwingine ahesabu hatua na kuangalia mbele. Kila mkifika kituo, mnabadilishana. Asiyeshika ramani asipokonye, aulize. "Tunatafuta nini sasa hivi?" ni swali zuri kuliko "una uhakika?" La kwanza linaleta macho mawili zaidi, la pili linaleta ugomvi.

Ujanja wa kuanzia

Huna haja ya kuwa mwanajeshi. Mambo haya yatawatosha siku ya kwanza.

Wekeni kidole gumba pale mlipo kwenye ramani, na kisogezeni kadiri mnavyokwenda. Inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko yote.

Fuateni vitu virefu visivyohama: mfereji, barabara, uzio, ukingo wa shamba. Vitu hivyo vinawashika mkono. Kabla ya kuondoka, mwambiane pia kitu cha kuwazuia: "Tukifika kwenye mfereji mkubwa, tumepitiliza."

Lengeni pembeni makusudi. Tuseme kituo kiko kwenye kidaraja cha mfereji. Mkilenga kidaraja chenyewe na mkakosa kidogo, mtafika mferejini na hamjui kama kiko kulia au kushoto. Lengeni kushoto kidogo kwa makusudi. Mkifika mferejini, mnageuka kulia bila kubishana.

Jueni hatua zenu. Pimeni mita 100 kwa kamba ya fundi ujenzi, tembeeni, hesabuni kila mguu wa kulia unapokanyaga. Wengi tunapata kati ya 60 na 70. Yake na yako hazitafanana, na hilo nalo ni somo.

Kuhusu rangi: kwenye ramani za mchezo huu, njano ni sehemu ya wazi, nyeupe ni msitu unaopitika, kijani ni kichaka, na kijani kikikolea ujue mtachanika nguo. Buluu ni maji, kahawia ni mwinuko, nyeusi ni miamba na vitu vilivyojengwa. Skeli ya 1:10,000 ina maana sentimita moja ya ramani ni mita 100 za ardhi.

Kuhusu dira, angalia jambo moja. Sindano za dira husawazishwa kulingana na sehemu ya dunia. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya inaweza kulalia upande mmoja na kukwama huku kusini mwa Ikweta. Kama shangazi amekuletea kutoka nje, ishike sawasawa, izungushe, hakikisha sindano inaelea. Ikigoma, mbinguni kuna msaada: kuanzia Juni hadi Agosti, Rujewa jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli chako kinaonyesha kusini.

Kwa nini Rujewa?

Ukiacha barabara kuu ya TANZAM pale Igawa na kuingia Rujewa, unaingia bonde la Usangu. Watu wanaijua Mbarali kwa mpunga. Mchezaji wa ramani anaona kingine: nchi iliyochorwa mistari. Mifereji mikubwa inagawanyika kuwa midogo, midogo inaingia majarubani, na kila jaruba lina kingo zake. Huku kusini unaona milima imesimama kama ukuta. Kwa anayeanza, huwezi kupata mahali pazuri zaidi, kwa sababu mlima mkubwa upande mmoja ni dira ya bure, na mfereji hauhami.

Lakini bonde lina utani wake. Majaruba yanafanana. Ukipita matano bila kuhesabu, la sita na la tisa hayana tofauti yoyote. Hapo ndipo hesabu ya hatua inapoonyesha thamani yake, na hapo ndipo wapenzi wengi wataanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Wakati mzuri ni baada ya mavuno, kuanzia Juni mpaka kabla mvua hazijaanza. Majaruba yamekauka, hakuna mbegu ya kukanyaga. Wakati wa kilimo achaneni kabisa na mashamba ya watu. Tumieni viwanja vya shule, viunga vya mji na njia za wazi. Anzeni saa moja asubuhi, mmalize kabla jua halijawa kali, maana Usangu ikichemka haina huruma.

Mkishanogewa, mikoa hii ina mengi. Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini, misonobari kwa safu, na njia za kuzuia moto zinazoonekana wazi kwenye ramani. Iringa mjini kuna mwamba wa Gangilonga na vilima vyake. Mbeya kuna Loleza inayoitazama mji. Kote huko, ruhusa kwanza.

Kutoka kushiriki hadi kuandaa

Hapa ndipo panaponoga zaidi. Kushiriki kunawaonyesha mlivyo mkiwa mmepotea. Kuandaa kunawaonyesha mlivyo watu wengine wanapowategemea.

Hamna haja ya kusubiri klabu ije kutoka Dar. Watu kumi wa ofisini, walimu wenzenu, kwaya au kundi la mazoezi la asubuhi, mnatosha. Vibendera mpelekee fundi cherehani wa sokoni, kitambaa cheupe na cha machungwa, kazi ya mchana mmoja. Badala ya vile vifaa maalumu vya kutoboa kadi, fungeni kwa kamba penseli ya rangi tofauti kila kituo. Mtu akirudi na kadi, rangi zinaeleza alikopita.

Ramani? Siku ya kwanza tumieni eneo dogo, kiwanja cha shule na viunga vyake. Chapisheni picha ya satelaiti, itembeleeni kwa miguu, chora kila mti mkubwa, kisima, uzio na kichuguu. Mkitaka kwenda mbele, kuna OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea, na kuna programu ya bure ya OpenOrienteering Mapper ya kuchorea ramani za mchezo huu. Watanzania si wageni na kazi hii. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu walishiriki mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Crowd2Map, ambao watu wa kujitolea wamechora vijiji vya Tanzania, na ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji huko Serengeti. Kwa hiyo kichochoro mtakachochora kwa ajili ya mchezo kinaweza kesho kumwongoza dereva wa gari la wagonjwa. Wikiendi yenu inabaki kwenye ramani.

Sasa tuje kwenye kazi mbili ambazo, tukuibie siri, ni mtihani wa mapenzi. Mashindano yana mpangaji na mkaguzi. Mpangaji anachagua vituo, anaviweka. Mkaguzi anakwenda kila kituo baada yake, akiwa na ramani ile ile, kuhakikisha kibendera kiko pale pale ambapo duara linasema. Kazi yake ni kutilia shaka. Kibendera kikiwekwa jaruba moja pembeni, watu wote wanapoteza asubuhi yao, na mwaka ujao hawaji.

Mkigawana kazi hizi wewe na mwenzako, siku moja mkaguzi atarudi na kusema, "Mume wangu, kituo namba sita umekiweka siko." Utamjibu nini? Umeamka saa kumi na moja, umelowa umande, umechoka. Wengi tumelelewa kuona kukaguliwa ni kudharauliwa. Unamwamini au humwamini? Lakini yeye hakukagua kwa sababu hakuamini. Amekagua kwa sababu kuna watu 20 watakaofuata kibendera chako. Ukiweza kusema "asante mama, twende tukakihamishe," mkaenda wote wawili, umejifunza jambo ambalo kitchen party na kamati za harusi hazikukufundisha. Na mkaguzi naye ana adabu yake: hiyo habari anaisema pembeni, hatangazi mbele ya washiriki.

Mtu mwenye ramani anatisha

Hili halimo kwenye vitabu vya Sweden, kwa hiyo lisome mara mbili.

Mbarali ni nchi yenye kumbukumbu ya ardhi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu. Mwaka 2008 hifadhi ya Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na suala la mipaka likaacha majeraha kwa miaka mingi. Sasa fikiria mzee amekaa barazani anaona vijana wasiowajua, wamevaa raba, wanatembea shambani kwake wakitazama ramani na dira, wanafunga vitambaa vya rangi kwenye miti. Atafikiri nini? Atafikiri wapimaji wamekuja. Na ana haki ya kufikiri hivyo.

Kwa hiyo kabla hamjachora mstari, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au kijiji na kwa mtendaji. Nendeni wawili, bibi na bwana. Shikamoo kwanza, kisha elezeni mchezo, onyesheni ramani, acheni nakala. Mwenye shamba aombwe yeye mwenyewe, hata kama mwenyekiti amekubali. Vijana wa hapo hapo waalikwe kucheza, si kulinda baiskeli tu. Na mkimaliza, kila kibendera kitoke siku hiyo hiyo. Kitambaa kimoja kikibaki mtini kinaweza kuzaa uvumi wa mwezi mzima.

Ndani ya hifadhi msiweke kituo. Kando ya mito mikubwa msiweke kituo, kuna mamba na viboko. Mifereji mikuu ina maji yenye nguvu, kwa hiyo vituo viwe upande mmoja, au pawe na daraja la uhakika.

Hesabu ya kurudi

Anayeandaa ana jukumu moja lililo kubwa kuliko saa, medali na soda zote. Kila aliyeondoka lazima awe amerudi.

Njia ya zamani bado ni bora. Kadi ina kipande cha kukata. Mkiondoka, kipande kinabaki mezani. Mkirudi, hata kama mmeshindwa, hata kama mmekosana na mnataka kwenda moja kwa moja nyumbani, lazima mpite mezani. Vipande vikibaki mezani wakati muda umekwisha, waandaaji wanajua idadi na majina. Hakuna kufungasha meza, hakuna kwenda kunywa supu, mpaka kipande cha mwisho kipate mwenyewe. Kila mshiriki abebe filimbi: milio sita kwa dakika ni kuomba msaada. Simu iwepo, lakini izimwe na iwekwe ndani ya begi, ni ya dharura tu. Saa mbili bila simu, mkiwa wawili. Unakumbuka mara ya mwisho?

Wasomaji wa zamani wa skauti wataikumbuka alama moja ya njiani: duara lenye nukta katikati, maana yake "nimerudi nyumbani." Alama hiyo imechorwa kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya, mlima Kenya ukionekana. Mkewe Olave aliishi miaka 36 zaidi. Alipofariki Uingereza mwaka 1977, majivu yake yalisafirishwa mpaka Nyeri, wakalala pamoja. Umbali wote ule, na bado walikutana kwenye kituo kimoja.

Dondoo za haraka kabla ya Jumamosi

- Maji lita moja na nusu kila mtu, kofia, suruali ndefu kwa ajili ya miiba na nyoka.
- Kwa mara ya kwanza, vituo sita hadi kumi ndani ya kilomita mbili au tatu. Msitake sifa.
- Kituo cha kwanza kiwe rahisi kabisa. Watu wakifurahia mapema wanasameheana baadaye.
- Badilishaneni ramani kila kituo. Hakuna cheo.
- Wenye watoto, wekeni njia fupi ya watoto kuzunguka uwanja. Bila hivyo mmoja wenu atabaki nyumbani, na mchezo umekufa.
- Kama ni wachumba, jaribuni kabla ya mahari. Tunasema kweli!
- Wekeni zawadi ya wanandoa waliorudi wa mwisho wakiwa wanacheka. Inashindaniwa kuliko ya kwanza.

Mkimaliza, kaeni chini ya mti na ramani yenu, chora kwa kalamu njia mliyopita kweli. Wachezaji wote duniani wanafanya hivyo, na ndiyo sehemu wanayoipenda zaidi: hapa tulipotea, hapa ulisema twende kulia, hapa sikukusikiliza. Isemeni bila hasira, mkiwa na supu mezani. Halafu mkunje ramani hiyo, muiweke mahali pamoja na picha za harusi. Jumatano usiku mkikwama kwenye jambo la ada au la mashemeji, mmoja wenu aulize tu: "Mahali pa mwisho tulipokuwa na uhakika ni wapi?" Mwenzake atajua pa kurudi.